Paipu Chini ya Spea

Mpaka leo nikiona paipu ya maji ya kijivu mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Ni ya kutema. Mke wangu husema nimezidisha, kwamba kipande cha paipu hakijamkosea mtu. Basi, yeye hakukishika. Mimi ndiye niliyekiokota kando ya Waiyaki Way, nikakitikisa, nikasikia vitu vikigongana ndani.

Yote yalianza na taa. Gari langu lilikuwa limetumika Japani, zuri tu, ila kila nikiliwasha taa ndogo ya manjano ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, ikiwa na alama ya mshangao katikati. Maana yake ni kwamba tairi mojawapo limepungukiwa na upepo. Ndani ya kila tairi kuna sensa, kidude kilichoshikana na valvu, kazi yake kupima upepo na kulipasha gari habari. Zangu zilikuwa zimekufa betri, kwa hiyo taa haikuzimika, matairi yawe yamejaa au yamelala.

Nikachoka nayo. Nikanunua sensa nne mpya mjini, nikampelekea fundi wetu wa mtaani, Kabiria, mtu wa maneno matamu anayefanyia kazi kwenye kiwanja nyuma ya kinyozi. Akakuna kichwa. Kutoa tairi kwenye rimu ni kazi, akasema, na mashine hana. Nami nikamjibu kwa ile sauti ya mtu aliyechelewa kazini, "Boss, mimi nataka hii taa izime. Hayo mengine ni yako." Niliyasema mimi, kwa kinywa changu. Nayaweka hapa mapema mtu asije akadhani nimeyaficha.

Jioni taa ilikuwa imezima. Nilimsifu fundi mbele za watu.

Sasa, kwetu magharibi mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hampeani mkono, hamli meza moja, na yeye halali chini ya paa lako. Ndiyo maana mama mkwe wangu alipokuja Nairobi kutolewa mtoto wa jicho alifikia kwa dada yake, huko Kinoo. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. Lililobaki ni la kulia, nalo lilikuwa limeingia ukungu, akiona vivuli tu. Kitinda mimba wetu alikuwa amefika mwaka na nusu, na bibi yake alimjua kwa vidole. Alimpapasa pua, akampapasa masikio, akacheka. "Nataka kumwona huyu kabla sijafa," alimwambia binti yake. Hakuomba kingine.

Siku ya kupasuliwa, mke wangu alitangulia hospitalini Parklands alfajiri kushika foleni. Safari zote yeye ndiye aliyekuwa akikaa kati yetu na kupitisha maneno. Siku hiyo tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, ndani ya gari moja. Alikaa nyuma, kushoto, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Mimi nikageuza kioo cha kati kikatazama dari, nisije nikamkodolea macho mama wa watu. Nikajiona mkwe mwenye adabu kweli kweli.

Tulipoingia barabara kubwa, Waiyaki Way, akakohoa. Nikadhani ni vumbi, nikafunga dirisha. Akakohoa tena, akagonga mlango kwa kidole, mara mbili. Nikawasha redio. Aii, niliwasha redio! Mtu mzima na ndevu zangu! Ule ukimya ulikuwa unaniaibisha, nikaona heri mhubiri apige kelele. Gari lilikuwa linavuta kushoto kidogo. Nikatazama dashibodi: hakuna taa. Nikakanyaga mafuta.

Tairi la nyuma kushoto, lile alilokuwa ameketi juu yake, lilipasuka tulipopita Uthiru. Gari likayumba, likapanda ukingo, likazimika. Nikasikia kichwa chake kikigonga kiti cha mbele.

Woi, mama wa watu! Nilimtoa kwa mikono yangu, mara ya kwanza kumgusa tangu nimwoe binti yake, nikamketisha kwenye nyasi. Juu ya jicho la kulia palikuwa pameumuka kama andazi. Hakulia. Alikunja kitambaa, akajikandamiza.

"Hilo gurudumu nililisikia tangu Kinoo," akasema. "Lilikuwa linaburura kama mtu aliyevaa slipa."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni mkwe."

Dereva mmoja wa pikapu alisimama kunisaidia, tukafungua buti nyuma ya gari, tukainua spea, lile tairi la akiba. Chini yake, ndani ya tambara lenye grisi, kulikuwa na kipande cha paipu, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Kimezibwa pande zote mbili kwa gundi, na upande mmoja kimetobolewa kikawekwa valvu ya tairi. Nilikiokota, nikakitikisa. Yule dereva naye akakitikisa sikioni, akacheka mpaka akashika magoti.

"Sensa zako hizi, boss. Fundi wako amezifungia humu, akajaza upepo. Humu upepo haupungui hata siku moja."

Kwa hiyo wiki zote hizo sensa zangu zilikuwa zinalala butini, zimeshiba, zinaliambia gari kwamba mambo ni shwari. Matairi yenyewe hayakuwa na wa kuyasemea. Nilitema mate pale pale, mbele ya mama mkwe, na hilo nalo ni aibu.

Tulifika Parklands tumechelewa. Daktari aligusa ule uvimbe kwa ncha ya kidole, akasema hapasui jicho la aina hiyo, hasa likiwa ndilo la pekee. Turudi uvimbe ukishaisha, na tupange foleni upya. Mama mkwe alimshukuru. Mke wangu hakunitazama mpaka jioni.

Kesho yake nilimkuta fundi anakula githeri, ametulia. Nikamrushia paipu miguuni. Hata hakuacha kutafuna.

"Mzee, si ulisema taa izime? Ilizima ama haikuzima?"

Waliokuwa pale wakacheka. Akaendelea, kwamba magari mengi ya mtaa huu yanabeba kitu kama hicho, na hakuna mtu ameleta malalamishi. "Na hiyo paipu nilikuwekea ya bure," akasema. Kinyaa kilichonipanda! Nilitaka nimwage ile githeri mchangani. Lakini nilikuwa nikitafuta neno la kumwambia, na kila nililolipata lilikuwa limetanguliwa na lile langu: mimi nataka hii taa izime. Nikaokota paipu yangu nikaenda.

Nilitafuta karakana yenye mashine ya kutoa matairi. Nilifungulia ile valvu mwenyewe, na upepo uliotoka ulinuka gundi na mpira uliooza, nikageuza uso. Tukaikata paipu kwa msumeno. Nilisimama pale nikihesabu: sensa moja, tairi moja, mpaka zikaisha nne. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilikuwa nimelinunulia dawa gari langu, halafu nikamlipa mtu ayafiche maradhi yake.

Miezi ilipita kabla zamu yetu haijafika tena. Siku mama mkwe alipofunguliwa bandeji baada ya kupasuliwa, mke wangu alileta mtoto Parklands. Tulirudi wote Kinoo, wao watatu nyuma, mama mkwe pale pale pake kushoto, mtoto mapajani. Kioo nilikuwa nimekiacha sawa. Nilimwona akimtazama yule mtoto, muda mrefu, bila kumgusa. "Kumbe pua ni yangu," akasema. Mke wangu akaanza kulia, nami nikajifanya natazama barabara.

Karibu na Uthiru taa ya manjano ikawaka.

Nitasema ukweli, ingawa unanichukiza. Wazo langu la kwanza halikuwa tairi. Lilikuwa: ah, hii taa tena, sasa nani atanizimia? Mguu wangu haukutoka kwenye mafuta. Nyuma yangu nikasikia kikohozi kimoja. Hakukohoa mara ya pili.

"Mkwe," akasema, kwa sauti ya mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani, "kuna moto wa manjano hapo mbele yako. Simama."

Nikasimama. Lilikuwa tairi la nyuma kushoto, lina msumari, na upepo umekwisha nusu.