Uzi wa Pili wa Upinde

Msimamizi wa zamu katika nyumba ya wazee hapo Sharpstown hupenda misemo ya Kizungu ya mishale. Msema kweli, kwake, amenyooka kama mshale. Mwenye kazi ya akiba ana uzi wa pili kwenye upinde.

“Na wewe, sista, uzi wako wa pili uko wapi?” humuuliza Kagendo, mhudumu wa zamu yake, akipigapiga kalamu kwenye meno.

“Sina, bosi.” Huyu ananichimba, Kagendo huwaza, maana ana kazi ya Jumamosi anayoificha.

Jumamosi iliyopita, kwenye kazi hiyo ya siri, alisukuma mlango wa jikoni akamkuta msimamizi ndani ya aproni, akimenya viazi, kalamu sikioni.

“Sista,” alinong’ona, “hujaniona.”

Kagendo alichungulia kwanza ndoo ya maganda, asije akawa anategwa. Ilikuwa imejaa.