Chujio la Pamba na Haya ya Buko

Mpaka leo nikiikumbuka siku ile hasira inanipanda. Figo zote mbili za mama zilikuwa zimekataa kazi, akaanzishiwa dializi, kusafishwa damu kwa mashine, hapa Lubumbashi, na fundi wa mashine katika kituo chetu alikuwa bwana wa mdogo wangu. Watu wakatupongeza. Eti tuna bahati.

Bahati gani? Sisi watu wa Kasai tuna buko: mama mkwe na muko wake, yaani mkwe, hawatazamani, hawagusani, hawali chumba kimoja. Kwa miaka tisa mama hakuwahi kumsemesha yule kijana. Akimwona anakuja, anakata njia nyingine. Sasa huyohuyo ndiye wa kumchoma sindano mkononi.

Chujio la mashine lina nyuzi nyembamba kama nywele, zimetengenezwa kwa pamba. Damu inapita ndani yake, sumu inatoka, damu inarudi. Likiwa jipya lazima lioshwe kwa mfuko mzima wa maji ya chumvi, polepole, la sivyo mwili unalikataa. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo. Kwa wagonjwa wengine alikuwa anaosha, anasukula kama tusemavyo hapa, huku anapiga soga. Kwa mama alitazama ukuta, akapitisha nusu ya mfuko, akaunganisha mipira ya kupitisha damu, akakimbilia upande wa pili wa chumba. Haya tupu.

Mama alijifunika kitenge mpaka kichwani. Nikaona kitenge kinapanda na kushuka mbiombio. Nilipokifunua, midomo ilikuwa imevimba, anajikuna shingo, pumzi inakwama.

«Mama, juu ya nini hausemi?»

«Nitamuambia je muko wangu mambo ya kifua yangu?»

Nilipiga kelele chumba kizima kikageuka. Nilimwita shemeji mjinga, nikamwambia haya yake aiache nyumbani kwake. Alizima mashine, akamchoma dawa. Mama akapumua. Kisha akanigombeza mimi, si yeye: nimemwaibisha mkwe wake mbele ya watu. Nilitaka kulia kwa hasira. Mtu yuko tayari kufa kwa sababu ya adabu.

Siku mbili hakunisemesha. Tuliporudi kituoni akajifunika kitenge vilevile, na shemeji akachukua chujio jipya, akageukia ukuta. Mkono wa mama ukatoka chini ya kitenge, ukamshika shati.

«Muko wangu, sukula na maji yote. Niko naangalia.»