Sindano za Siku Nane

Ravaonasolo alikuwa muuguzi wa zahanati yetu ya Ambohitsoa kwa miaka ishirini na saba. Mwanzoni mwa kazi alimruhusu mwanamke mmoja mgonjwa wa tauni arudi nyumbani siku ya nne, kwa kuwa homa ilikwisha na mpunga ulikuwa umeiva. Siku ya tisa mwanamke yule akafariki. Jamaa zake hawakumlaumu muuguzi, lakini tangu hapo hakumruhusu mtu kuondoka kabla ya dozi ya siku nane kwisha.

Andriamasy, mchoma matofali aliyelazwa kwa tauni, hakuomba ruhusa. Siku ya nne alfajiri, uvimbe wa kinenani ukiwa umenywea, alijiondokea kwenda kwao kuandaa sherehe ya kuwavisha wafu wa ukoo sanda mpya. Ravaonasolo akatia dawa na mabomba ya sindano kwenye kikapu, akatembea mwendo wa saa tano kumfuata.

Alimkuta zizini, anachagua nguruwe wa karamu.

"Mama, umenifuata mpaka huku? Mimi nimeshapona. Ukinidunga tena nitavuja kama chujio."

"Vuja tu. Geuka."

"Si homa imekwisha?"

"Vilivyokufa ni vijidudu vya kwenye damu. Vingine vimemezwa na askari wa mwili, na humo ndani vinaishi, vinazaana. Ukiacha dawa, vitatoka."

"Askari gani hao, wanafuga wezi?"

Mkewe, Voahangy, alicheka. Ravaonasolo hakucheka.

"Mwanangu, anayekufa kwa tauni haingizwi kaburi la ukoo. Unalijua hilo. Baba yako atavishwa sanda, wewe utalala peke yako kule bondeni."

Andriamasy akawaacha nguruwe, akageuka.

Muuguzi alikaa kwao mpaka dozi ilipokwisha. Alilala ghalani, akala wali na kisamvu, akadunga sindano asubuhi na jioni. Voahangy na watoto aliwapa vidonge vya kuwakinga.

Andriamasy alipona, ila sikio lake la kushoto lilibaki zito. Alilalamika miaka mingi, hata sokoni, kwamba dawa za yule mama zilimwibia sikio. Ravaonasolo alipoulizwa alikiri kwamba dawa ile huweza kuharibu masikio, na kwamba angemdunga vilevile.