Isale la Langley Park

Kule Rombo, kabla Marekani haijamfanya mtu wa kuwavisha soksi wazee wa watu, Dorothea alikuwa mwalimu wa bailojia. Somo lake la jani lilisifiwa hadi shule za jirani. Jani ni jiko, aliwaambia wanafunzi. Juu lina paa jembamba linalopitisha mwanga, limepakwa nta ili maji yasipotee ovyo. Chini ya paa wamesimama wapishi, yaani seli ndefu zilizobanana wima, kila moja imejaa chembe za kijani za kunasa mwanga. Chini ya wapishi kuna ukumbi wa seli zilizoachana-achana, hewa ipate kuzunguka. Na sakafuni kuna vimilango vinavyofunguka na kujifunga: hewa inaingia, mvuke unatoka. Maji, hewa na mwanga vikikutana, chakula cha mmea kinapikwa. Kikikosekana kimoja, hakuna cha kupika.

Dawati la mbele alikaa mdogo wake mwenyewe, Flaviana, akinong'ona majibu kabla dada mtu hajamaliza kuuliza.

Sasa wote wawili walikuwa Maryland. Dorothea alipanga chumba cha chini ya ardhi Langley Park, Flaviana aliishi Bladensburg na binti yake Queen, si mbali hata kidogo kwa basi, na hawakuwa wakisalimiana. Kisa chenyewe kilikuwa mama yao. Mama alipougua kule nyumbani, Dorothea aliamua peke yake kwamba Flaviana asiambiwe. Karatasi za Flaviana za ukaazi zilikuwa hazijatoka, angesafiri, asingeruhusiwa kurudi Marekani. Basi Dorothea akaenda kimya kimya, akamuuguza mama, akamzika. Flaviana aliuona msiba kwenye picha ya simu, jeneza limeshafunikwa maua, na dada yake yuko mstari wa mbele na kitambaa cheusi kichwani. Alipiga simu mara moja tu. "Umenizikia mama yangu bila mimi," alisema. "Usikanyage kwangu."

Wachaga wana dawa ya jambo kama hilo. Isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini, ukimpelekea uliyemkosea jani lake bichi, hawezi kukukataa. Dorothea alikata kipande kwenye kaburi la mama, akakivingirisha ndani ya soksi, akavuka nacho viwanja vya ndege roho mkononi. Alikuwa na mpango mmoja tu maishani: kishike mizizi, kitoe jani zuri, alipeleke Bladensburg.

Kilishika mizizi. Lakini chumba cha Dorothea kilikuwa na kidirisha kimoja, nacho kilitazama magurudumu ya magari yaliyoegeshwa. Majani yalitoka membamba, yamepauka, ya chini yakawa manjano. Mwalimu hakuhitaji kuambiwa. Wapishi walikuwapo wote, wamejipanga vizuri, na maji yapo. Mwanga ndio haukuja, mmea ukaanza kula akiba yake wenyewe.

"Si lipeleke hivyo hivyo?" aliuliza Généreuse, mama wa Uvira, kule Kongo, aliyepanga chumba cha juu. "Ama enda magasin, uuze ingine. Niliona ya vile wanauzisha pale Hyattsville, kubwa kabisa."

Kwa kina Généreuse kuuza ndiko kununua, na Dorothea alijua hayo ya dukani. Ni mmea ule ule, wenyeji huuweka ofisini. "Msamaha wa dukani, Généreuse? Mdogo wangu nimpelekee jani lililokulia kwenye taa? Hili limetoka kwa mama." Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake aliuita heshima. Akaendelea kusubiri.

Ndipo Queen alipompigia simu. Alisikia Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliokulia hapa. "Auntie, it's her liver. They can't do anything." Ini la mdogo wake lilikuwa limewashinda madaktari. Aliogopa kwenda mikono mitupu. Flaviana alikuwa amesema asikanyage, na Flaviana hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Akaupandisha mmea juu kwa Généreuse, kwenye dirisha linalopigwa na jua mchana kutwa, naye akaenda kwenye kazi yake ya kulala huko huko, kwa mzee mmoja wa Hyattsville ambaye hakuwa na mtu mwingine. Généreuse alituma picha. Lilikuwa limechomoza jani jipya, pana, kijani cha kweli. Dorothea alilia kwa furaha jikoni kwa mzee. Zamu ikiisha tu, alijiapia, naenda.

Zamu ilipoisha, alipanda ngazi mbili mbili. Généreuse alimpokea akitabasamu. Pale nje walikuwa wanajenga reli, vumbi lilikuwa likiingia dirishani na kulala juu ya kila kitu, naye hakupenda mmea wa jirani yake uchafuke.

"Nilipanguza vumbi yote, Mwalimu, halafu nikaipakala Vaseline. Juu na chini, kila siku. Huwezi peleka mutoto kwa watu amepauka!"

Kwao na kwa kina Dorothea, hakuna mtoto anayetoka kwenda kanisani bila kupakwa mafuta. Mtoto aliyepauka ni aibu ya mama. Mapenzi tu ndiyo yaliyompaka mafuta mmea ule. Lakini vimilango vyote vya chini vilikuwa vimezibwa kwa mafuta mazito, jani halina pa kuvutia hewa wala pa kutolea mvuke, na jua la dirishani limelipiga hivyo hivyo. Jani jipya lilikuwa limebabuka, kahawia hadi katikati. Mengine yalining'inia.

Dorothea hakumgombeza. Angemgombeza vipi? Alilikata jani, akalifuta kwa kanga yake, akapanda basi.

Flaviana alikuwa kitandani sebuleni, amebaki macho tu. Dorothea alipiga magoti, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Flaviana alilishika. Kwa taabu akalikwaruza kwa ukucha, upande wa juu, kisha upande wa chini, kama alivyofundishwa kule darasani kutafuta kijani.

"Halina kitu ndani, Dada," alisema polepole. "Hili limeshakufa."

"Nisamehe, Flavi."

"Isale siwezi kulikataa. Mimi ni mtoto wa mama. Lakini hili si isale tena." Alifumba macho. "Lete bichi. Nitapokea."

"Nitaleta," alisema Dorothea, na alijua shina lenyewe limeanza kulainika, halitatoa jani jingine.

Asubuhi yake alimwomba Généreuse ampeleke kwa gari pale Hyattsville. Hakuna aliyeutaja ule ukaidi wa mwanzo. Dukani ile mimea ilikuwa imepangwa chini ya taa kali, majani mapana. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Mingi, mizuri, ilikuwapo wakati wote ule. Alichukua mmoja, akaupakata garini.

Walikuwa wamesimama kwenye taa za barabarani, karibu na daraja la Bladensburg, simu ilipoita.

"Auntie," alisema Queen, akilia. "Mommy's gone."

Généreuse aliona uso wake, akazima redio. Taa zikawaka kijani, gari la nyuma likapiga honi. Aliuliza kwa sauti ndogo waende wapi sasa, kule kwa marehemu ama warudi nyumbani.

Dorothea alikuwa ameshika jani moja. Lilikuwa bichi kabisa.