Kibao cha Kinyozi Mlangoni pa Makumbusho

Shangazi yangu ni mchora vibao, na mtaa mzima unamwita Mama Brashi. Hawezi kukaa karibu na rangi iliyopauka, vidole vinamwasha. Baraza la mji lilipolikarabati ghala bovu la karibu na stesheni liwe makumbusho, mkuu wa makumbusho hayo, dada mpole wa miwani, alikuja nyumbani kuomba kibao cha kinyozi alichokichora shangazi ujanani.

"Tutakitundika ukumbini, mama. Kilete kilivyo."

Jamani! Shangazi alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Maisha yake yote alikuwa akichora, mvua inafuta, wenye maduka wanabomoa, na hakuna aliyewahi kumwita msanii. Kibao hicho tu ndicho kilichosalia.

Lakini kilivyo? Thubutu! Apeleke kitu kimepauka mbele za watu? Alikipiga msasa, akapaka upya kichwa, masikio, mkasi, vyote vikang'aa. Unadhani nilimkataza? Nilimshikia kopo.

Siku ya ufunguzi, mkuu alipokiona alishika kichwa. "Mama, umefanya nini? Tulitaka cha zamani!"

"Mwanangu, uzamani si uchafu."

"Samahani, mama. Siwezi kukitundika."

Shangazi akanywea. Niliumia, na nilitamani kumnyang'anya yule dada miwani yake nikimbie nayo. Tukakiegemeza kibao nje, mlangoni, tukisubiri mkokoteni wa kukirudisha nyumbani.

Mara akapita baba mmoja mwenye nywele za kujaza godoro. Akakitazama kibao, akaingia ndani moja kwa moja, akajitupa kwenye kiti cha kinyozi cha maonyesho.

"Pembeni punguza, juu niachie kidogo."

Nyuma yake wawili wakapanga foleni, mmoja akafungua gazeti kabisa! Ukumbi ukaangua kicheko, wageni rasmi wakashika mbavu. Mkuu akajaribu kukaza uso, wapi! Alicheka mpaka akakaa chini.

"Leteni ngazi," akasema akijifuta machozi. "Kibao kinachofanya kazi hivi nikirudishe nyumbani? Ila kwanza, mama, andika jina lako. Hapa kazi ya msanii haipandi ukutani bila jina."

Msanii! Nilipiga kigelegele, sikujali nani ananitazama. Shangazi, aliyeandika majina ya maduka ya mji mzima, akachovya brashi, akainama juu ya kibao, akasita. Kisha akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Eti mwanangu, huwa wanaliandika upande gani?"