Maziwa Tuliyoyamwaga

Kina mama wenzangu, mnaniona hapa kliniki na mtoto mgongoni, mnadhani mambo yalijiendea tu. Nimekubali kusimulia kwa sababu nimewaona mabinti wawili kwenye benchi lile, watoto wao wanakoroma puani, na zile nyuso zao nazijua. Hata mimi nilikuwa na uso huo.

Kabla ya huyu Elia wa mgongoni nilikuwa mtu wa mpakani. Nauza vitenge Tunduma, na wateja wangu wengi wanatoka ng'ambo, Zambia. Wananiita mayo, yaani mama, hata wale walionizidi umri. Kazi yangu ni kubishana bei tangu asubuhi mpaka sauti inakauka, na kusema kweli nilikuwa naipenda. Mume wangu anapakia mahindi kwenye malori. Tumepanga chumba na sebule karibu na barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni, na vumbi la pale sina haja ya kuwaeleza.

Elia alizaliwa salama, mnene, ananyonya mpaka jasho linamtoka kwenye paji la uso. Mama mkwe alikuja kutoka Itaka kunihudumia baada ya uzazi. Ni mwanamke wa shamba la kahawa, mikono migumu, maneno machache. Ilikuwa miezi ile ya baridi kali. Kila jioni aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha, akasokota kanga kuukuu na kuiziba chini ya mlango, upepo usimguse mjukuu wake. Nilimpenda kwa hilo. Nililala kwenye joto lile nikajiona malkia.

Mafua yakaanza. Mwanzoni ni kupiga chafya tu, kisha pua ikaziba kabisa. Akishika titi, ananyonya kidogo, anakosa pumzi, analiachia na kulia kwa hasira. Kifua kikawa kinakoroma. Wiki ikapita, ya pili ikaingia, mafua yapo pale pale.

Nikampeleka duka la dawa karibu na stendi. Kuna kijana pale anavaa koti jeupe, nasi tunamwita dokta kwa sababu ya lile koti. Mtoto hakumgusa. Alimsikiliza akiwa upande wa pili wa kaunta.

"Haya makohozi yanatokana na maziwa yako," akasema. "Maziwa ya mama ni mazito, yanaganda kifuani. Simamisha kunyonyesha mpaka kifua kisafike. Mpe ya ng'ombe, uchanganye na maji."

"Dokta, mtoto bado mdogo sana."

"Wewe unataka apone au hutaki?"

Mimi ninayebishania kitenge mpaka mteja anachoka, siku hiyo nililipa bila kubishana hata bei. Nilichukua chupa ya dawa aliyonipa nikarudi nyumbani. Mama mkwe aliponisikiliza, alikaa chini taratibu kwenye mkeka.

"Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo," akasema. "Kamua, mwanangu. Umwage. Usimpe kabisa."

Nilitaka kumuuliza aliambiwa na nani, na mtoto gani. Lakini uso wake ulinitia woga, nikaenda kutafuta beseni.

Basi nikawa nakamua kwenye beseni. Mama mkwe mwenyewe analichukua, anakwenda kumwaga nyuma ya choo, anarudi bila kunitazama. Elia akawa ananusa kifua changu na kugeuza mdomo akitafuta, na mimi nampa kikombe. Hiyo ndiyo picha isiyonitoka mpaka leo. Mtoto anajua chakula chake kilipo, na mama yake anamzuia.

Maziwa ya ng'ombe yakamwendesha. Alihara maji matupu, ya kijani. Mimi nami kukamua kwa mkono hakukutosha, titi la kushoto likawa gumu, jekundu, linawaka moto. Nikashikwa na homa ya kutetemeka hadi meno yanagongana. Baadaye chuchu ikaanza kutoa usaha. Nilikuwa sinyanyui mkono. Na kifua cha Elia, kile tulichokuwa tunakisafisha, kikazidi. Akawa anahema haraka haraka, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Utosi ukabonyea.

Mume wangu alipita nyumbani mchana, ametapakaa vumbi la mahindi. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Tunakwenda hospitali Vwawa sasa hivi," akasema.

"Kifua bado hakijasafika," mama yake akasema.

"Mama, mtoto analia hana hata machozi."

Mama mkwe alisimama. Alichukua kanga yake akatufuata.

Hospitali walimtundikia Elia dripu ya maji na kumwekea oksijeni puani. Daktari alikuwa mama wa makamo. Swali lake la kwanza lilikuwa, ananyonya? Nikamweleza yote, beseni na kila kitu. Hakunigombeza.

"Maziwa yako hayaleti makohozi," akasema. "Mtoto mwenye mafua ndiye anayeyahitaji zaidi. Pua ikiziba, unadondoshea matone ya maji ya chumvi ya hospitali, unasubiri kidogo, unafuta, ndipo unamnyonyesha ukiwa umemwinua kichwa. Kidogo kidogo, mara nyingi." Kisha akauliza, "Nyumbani mnaota moto wapi?"

Nilipomwambia habari ya jiko chumbani, alitikisa kichwa. Moshi wa mkaa na vumbi la barabarani, akasema, hayo ndiyo yaliyokuwa hayaiachi pua ipone.

Titi la kushoto walilipasua. Usaha uliotoka ulijaza bakuli, nilipiga kelele wodi nzima ikasikia. Titi hilo halikurudi tena, limebaki na kovu na shimo. La kulia muuguzi alisema tujaribu. Nilimweka Elia, hakuna kitu, analikasirikia. Nikamweka tena, na tena. Kuna mchana mmoja nilisikia koo lake linameza. Nililia mpaka muuguzi akadhani kuna jambo baya.

Mama mkwe alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Daktari alipokuja kupitia wagonjwa, mama mkwe akamwita.

"Daktari, nikuulize. Wangu wa kwanza alikuwa msichana. Alikuwa anakoroma puani kama huyu. Wakaniambia maziwa yangu yanamkaba. Nikakamua, nikamwaga chini ya migomba, akafa. Miaka yote najua ni maziwa yangu yaliyomuua. Kumbe hayakuwa mabaya?"

Daktari alimgeukia. "Hayakuwa mabaya, bibi. Yalikuwa mazuri."

Mama mkwe alitazama mikono yake. "Basi afadhali ningekufa sijajua," akasema.

Mume wangu hakuwahi kusikia kwamba alikuwa na dada. Jina lake lilikuwa Tumaini.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wale wa hospitali. Elia anatambaa sasa. Kwenu ninyi mabinti nasema hivi: mtu akikuambia mwachishe mtoto mgonjwa titi, na hata hajamgusa, ondoka hapo umpeleke zahanati. Ukiona mbavu zinaingia ndani au anakataa kunyonya, usingoje kesho. Jiko likae nje. Na ukihisi jambo haliko sawa, uliza, hata kama anayesema ni mkubwa wako unayempenda. Mimi sikuuliza.

Mama mkwe hajarudi Itaka mpaka leo, anasema kahawa itamsubiri. Hatujarudia yale mazungumzo. Ila Elia akianza kunyonya, yeye huacha anachofanya, hata kama sufuria iko jikoni, anakuja kukaa karibu na kumtazama mpaka amalize.