Yule Bibi wa Gauni la Waridi

Naomba msinicheke bado. Jirani yangu hapa Tassia, Mama Mwende, huniachia ufunguo ili nimwanulie nguo mvua ikinyesha. Sebuleni kwake kuna picha ya rangi ya mafuta, zawadi ya bosi wake aliporudi kwao Ulaya. Ni bibi wa Kizungu wa zamani, nywele nyeupe zimerundikwa kichwani, gauni la hariri la waridi limejaa fremu nzima. Kila nikipita, macho yake yananifuata.

Juzi nimeingia na beseni la nguo, yule bibi akakohoa.

Beseni likaanguka. Akakohoa tena, na midomo bado inatabasamu! Nilishuka ngazi bila viatu, nikarudi na akina mama wa kikundi chetu cha maombi. Tukaipaka picha mafuta ya upako. Nikapaza sauti: "Toka, mwanamke wewe! Hapa si kwako! Rudi ulikotoka!"

Mlango wa chumba cha kulala ukafunguka. Akatoka mama mkwe wa Mama Mwende, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Kitui na kifua kibaya. Mkoba ulikuwa begani, machozi mashavuni.

"Nimesikia, mwanangu," akaniambia. "Lakini si mngengoja tu mvua ipungue?"